DAMU HAITAKI UVIVU

Jioni, kengele ya kiwanda igongwapo na watu watokapo langoni, mwenye macho ataona jambo ambalo aghalabu halisemwi. Ataona mtu mzima ameketi juu ya jiwe kando ya njia, amevua viatu, anabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Na kidole kiondokapo, shimo lake hubaki palepale kwa muda, kama alama katika unga uliokandwa. Huyo amesimama mbele ya mashine tangu asubuhi. Mwenzake, karani aliyeketi mezani kutwa nzima, hulalamika kuwa nyayo zake zimekufa ganzi. Wa tatu, dereva, husema miguu yake imekuwa mizito kama magogo. Kila mmoja hudhani kuwa taabu hiyo ni yake peke yake, au ni uzee, au ni husuda ya jirani. Kumbe mara nyingi wote watatu wanaonywa na kitu kimoja, nacho ni damu iliyonyimwa mwendo wake.

Twapenda leo kulieleza jambo hili la mwendo wa damu, tena twapenda kulieleza kwa njia ya utabibu wa kale wa Bara Hindi uitwao Ayurveda. Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba ndani ya utabibu huo mna mazoea mema ambayo mtu wa mshahara mdogo aweza kuyafuata bila ya kutoa hata senti moja. Ya pili ni kwamba jina hilohilo la Ayurveda limebandikwa juu ya chupa na vikopo vingi vinavyouzwa kwa ahadi za kusafisha damu, kuzibua mishipa na kumwondolea mtu haja ya vidonge vya hospitali. Mazoea ni kitu kimoja, na chupa ni kitu kingine. Asiyepambanua kati ya hivyo viwili aweza kuyaacha yenye kumfaa na kuyanunua yenye kumdhuru.

Moyo na msaidizi wake

Yatupasa kwanza tujue damu yatembeaje. Mtu mzima ana damu ya kiasi cha lita 5. Moyo wake, ambao ukubwa wake wakaribia ngumi yake, hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku, na hata akiwa amepumzika huisukuma damu hiyo yote katika muda wa dakika moja hivi. Hapana kiwanda duniani chenye mashine ifanyayo kazi usiku na mchana kwa miaka 70 bila ya kusimamishwa ili itengenezwe. Moyo ndio huo.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja, wala haikutoka kwa taifa moja. Katika karne ya 13 tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Misri, alieleza kuwa damu huvuka kutoka upande mmoja wa moyo kwenda upande wa pili kwa kupitia mapafu. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alitoa kitabu kilichothibitisha kuwa damu huzunguka mwili mzima na kurudi pale ilipoanzia. Mwaka 1661 Mwitalia Marcello Malpighi, akitazama pafu la chura kwa darubini, aliviona vishipa vyembamba ambavyo Harvey hakuweza kuviona, navyo ndivyo viunganishavyo mishipa ya kwenda na mishipa ya kurudi.

Sasa msomaji atazame mguu wake. Damu kushuka toka moyoni hadi unyayoni si kazi kubwa, kwa kuwa moyo unaisukuma. Lakini kupanda kutoka unyayoni hadi moyoni ni safari ya mlima, na nguvu ya moyo ifikapo huko chini imekwisha kupungua. Ni nani basi aipandishaye? Ni nyama za shavu la mguu. Kila mtu apigapo hatua, nyama hizo hukaza na kuibana mishipa iliyo ndani yake, na damu husukumwa juu. Ndani ya mishipa hiyo mna vilango vidogo vifungukavyo upande mmoja tu, hata damu ikisha kupanda haiwezi kurudi chini kwa urahisi. Ndiyo sababu waganga wengi huliita shavu la mguu moyo wa pili.

Moyo huu wa pili una tabia moja ambayo ule wa kwanza hauna: hufanya kazi pale tu mwenyewe atembeapo. Mtu akisimama wima saa sita bila ya kupiga hatua, au akiketi saa sita amekunja magoti, msaidizi huyu amelala usingizi. Damu hukusanyika chini, maji hupenya nje ya vishipa, miguu huvimba, na baada ya miaka mingi vilango vyaweza kulegea na mishipa ikatokeza juu ya ngozi kama kamba zilizosokotana. Kwa hiyo anayesimama kutwa na anayeketi kutwa, ijapokuwa mmoja humwonea mwenziwe wivu, wako katika hatari moja.

Wahenga wa Kihindi walisema nini?

Neno Ayurveda latokana na maneno mawili ya Kisanskriti: ayus, yaani maisha, na veda, yaani elimu. Ni elimu ya maisha. Vitabu vyake vikuu ni kile cha Charaka na kile cha Sushruta, ambavyo asili yake yapata miaka elfu mbili, na kile cha Vagbhata kilichofuata baadaye. Mafundisho yake yasema kuwa mwili wa mtu unaongozwa na nguvu tatu, nazo ni vata, pitta na kapha. Na kwamba katika matawi ya vata limo moja liitwalo vyana, lenye makao moyoni, ambalo kazi yake ni kueneza uhai katika mwili mzima.

Hatutaki kumdanganya msomaji. Wahenga hao hawakuijua njia ya damu kama aijuavyo leo mwanafunzi wa sekondari, wala nguvu hizo tatu hazipimwi kwa mizani wala kwa darubini. Lakini mkulima wa zamani pia hakujua kemia ya udongo, naye alijua shamba gani lipumzishwe na shamba gani lilimwe. Aliyetazama kwa makini vizazi na vizazi hupata akiba ya maarifa, ijapokuwa maelezo yake yana kasoro. Akiba ya Wahindi hawa imo katika kitu wakiitacho dinacharya, yaani utaratibu wa kila siku. Nasi twauona utaratibu huo kuwa ndio sehemu yenye thamani kubwa ya urithi wao. Na tuyatazame mambo yake matano.

La kwanza ni kuamka kabla ya jua na kunywa maji. Mtu aliyelala usiku kucha bila ya kunywa, kisha akaenda kazini penye joto bila ya kunywa, damu yake imepungukiwa. Zaidi ya nusu ya damu ni maji yake, na hayo maji yakipungua moyo hulazimika kupiga upesi zaidi ili kutimiza kazi ileile. Bilauri moja au mbili asubuhi, na maji ya kutosha wakati wa kazi, hasa kwa wafanyao kazi juani na mbele ya tanuri, ni wajibu na si anasa.

La pili ni mazoezi ya mwili. Hapa wahenga walisema neno la hekima ambalo wengi wa wapenda michezo wa leo wamelisahau. Walisema mtu atumie nusu ya nguvu zake tu, kisha aache. Tena walitoa alama: jasho litokezapo pajini na kwapani, na pumzi ianzapo kutoka kwa kinywa, hapo amefika. Kwa hiyo hawakumtaka mtu mwenye umri wa miaka 50, ambaye hajakimbia tangu alipotoka shuleni, atoke ghafula Jumapili kushindana na vijana mpaka aanguke. Walimtaka afanye kidogo, na afanye kila siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lataka mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa muda wa dakika 150 hadi 300 kila juma. Dakika 150, zikigawanywa katika siku tano, ni nusu saa kwa siku: ni kuteremka garini vituo viwili kabla ya kufika, na kwenda kwa miguu.

Anayetilia shaka faida ya jambo dogo kama hili na asikilize habari ya wafanyakazi wenziwe wa London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa katika jarida la The Lancet matokeo ya uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa. Katika kila basi mlikuwa na watu wawili: dereva aliyeketi karibu muda wote wa zamu, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi akikata tikiti, vidato mamia kwa siku. Walipanda basi moja, wakavuta hewa moja, na hali zao za maisha zilikaribiana. Lakini maradhi ya moyo yaliwapata madereva zaidi kuliko makondakta. Na makondakta walipopatwa, waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi na kwa ukali mdogo zaidi. Morris alionyesha jambo hilohilo kwa watu wa posta: wagawa barua waliotembea walikuwa katika hali njema kuliko makarani walioketi. Wachunguzi waliofuata walitafuta sababu nyingine zilizochangia, na baadhi walizipata. Lakini msingi wa jambo lenyewe umethibitishwa mara nyingi tangu wakati huo. Ngazi zile, ambazo hapana shaka makondakta walizilaani kila siku, ziliwasaidia kulinda mioyo yao.

La tatu ni kujipaka mafuta na kujikanda, mazoea ambayo Wahindi huyaita abhyanga. Vagbhata aliagiza mtu ajipake kila siku, na akakazania sehemu tatu: kichwa, masikio na nyayo. Mafuta yaliyosifiwa zaidi ni ya ufuta, na katika nchi ya Kerala, kusini ya Bara Hindi, hutumika pia mafuta ya nazi. Msomaji wa Lindi au Mtwara haitaji kuagiza ufuta ng'ambo, na msomaji wa pwani haitaji kufundishwa nazi. Bibi zetu waliwakanda watoto wachanga na wazazi waliojifungua kabla ya sisi kujua kusoma. Mtu ajikandaye miguu jioni, akianzia nyayoni na kupandisha mikono kuelekea mapajani, huisaidia damu katika safari yake ya mlima. Na akilala kwa robo saa, miguu imeinuliwa juu ya mto au imeegemezwa ukutani, uvimbe wa uchovu hupungua. Walakini jambo hili lisikuzwe kupita kiasi. Kukanda hakuzibui mshipa ulioziba kwa mafuta ya miaka 20, wala hakumponyi mgonjwa wa shinikizo la damu.

La nne ni chakula. Watu wengi wasikiapo Ayurveda huwaza manjano, tangawizi na kitunguu saumu. Viungo hivyo ni vyema, navyo twavijua kwa muda mrefu. Biashara ya bahari imevipitisha katika bandari zetu tangu enzi za majahazi. Faida yake kubwa jikoni ni kwamba humwezesha mpishi kupunguza chumvi bila ya chakula kupoteza ladha. Na hapa pana jambo la kustaajabisha: kitabu cha Charaka chataja vitu vitatu ambavyo mtu asivitumie kwa wingi wala kwa muda mrefu, na viwili kati yake ni chumvi na vitu vyenye ukali wa magadi. Leo Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazijai kijiko kimoja cha chai, na kwamba watu wa dunia kwa wastani hula karibu mara mbili ya kiasi hicho. Chumvi nyingi huzuia maji mwilini na kupandisha shinikizo ndani ya mishipa. Basi mwenye kuongeza chumvi mezani kabla hata ya kuonja, na mwenye kutia magadi katika kila chungu cha maharagwe na mboga, waonywa na sauti mbili, ya kale na ya leo.

La tano ni kutembea baada ya chakula. Katika nchi ya Maharashtra watu wana desturi iitwayo shatapavali, maana yake hatua mia: mtu akisha kula chakula cha jioni haendi kujitupa kitandani, bali hutembea taratibu uani au barabarani. Hatua mia ni chache, nazo hazimchoshi hata mzee. Lakini huuamsha ule moyo wa pili, na uchunguzi wa siku hizi umeonyesha kuwa matembezi mafupi baada ya kula hupunguza kupanda kwa sukari katika damu. Na sukari, ikikaa juu miaka mingi, huiharibu mishipa tokea ile mikubwa ya moyo hadi ile midogo ya macho, figo na nyayo.

Hayo ndiyo mambo matano. Hatukuona hata moja litakalo fedha nyingi. Twaongeza la sita ambalo halimo katika orodha ya wahenga wale kwa kuwa tumbaku ilikuwa haijafika kwao: aache sigara. Mvuta sigara hukaza mishipa yake na kuiumiza kwa kila mvuto, na mafuta yote ya ufuta ya Lindi hayatoshi kumlipia hasara hiyo.

Habari ya mzizi mmoja

Pengine msomaji atauliza: je, dawa zao nazo hazifai? Jibu la haki limo katika habari ya mzizi uitwao kwa Kihindi sarpagandha, ambao wataalamu huuita Rauvolfia serpentina. Waganga wa Kihindi waliutumia tangu kale kwa kuumwa na nyoka, kwa wendawazimu na kwa wasiopata usingizi. Mwaka 1931 Wahindi wawili, Sen na Bose, waliandika kuwa mzizi huo hushusha shinikizo la damu. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alitangaza katika jarida la maradhi ya moyo la Uingereza matokeo yake kwa wagonjwa aliowapima. Mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi walitoa ndani ya mzizi huo kiini kiitwacho reserpini, na kwa miaka kadhaa kikawa miongoni mwa dawa kubwa za shinikizo la damu ulimwenguni. Afrika ilishiriki katika habari hiyo, kwani mizizi ya mti wa jamii hiyohiyo ilichimbwa Kongo kwa ajili ya viwanda vya dawa. Hata msesewe, ambao magome yake Wachaga huyatumia katika kutengeneza mbege, ni ndugu wa mti huo.

Lakini habari haikuishia hapo. Waganga walizidi kupima, wakaona kuwa dawa hiyo, hasa ikitumiwa kwa wingi, huziba pua, hulegeza mwili, na yaweza kumtia mtu huzuni nzito. Dawa nyingine zilizo salama zaidi zikapatikana, na reserpini leo hutumiwa kwa nadra. Hapa pana fundisho. Mzizi ule haukukubaliwa kwa sababu ni wa kale, wala haukukataliwa kwa sababu ni wa Kihindi. Ulipimwa, kiasi chake kikajulikana, faida yake ikaandikwa na dhara yake ikaandikwa. Wala mtu asikimbilie kuchemsha magome ya msesewe kwa kuwa amesoma maneno haya. Kitu chenye nguvu ya kushusha shinikizo chaweza pia kulishusha mpaka mtu akaanguka.

Chupa isiyo na majibu

Sasa tutazame chupa zile zenye ahadi. Mwaka 2004 daktari Robert Saper na wenzake, huko Marekani, walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya Boston na pande zake, wakazipima. Dawa 14, yaani moja katika kila tano, zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walipima dawa 193 zilizouzwa kwa njia ya intaneti, na matokeo yalikaribiana na yale ya kwanza. Si kila mara madini hayo huingia kwa uchafu. Liko tawi moja la utabibu huo ambalo huyatia kwa makusudi, likiamini kuwa yakisha kuchomwa kwa utaratibu wake huwa hayana sumu. Lakini figo na ubongo havijui utaratibu huo. Risasi yenyewe hupandisha shinikizo la damu. Basi mtu aweza kununua kwa fedha yake mwenyewe ugonjwa uleule anaoukimbia.

Hata dawa isiyo na madini yaweza kudhuru. Mzizi mtamu uitwao mulethi, ambao hutiwa katika dawa nyingi za kifua, ukitumiwa kwa wingi hupandisha shinikizo na kupunguza madini ya potasiamu mwilini. Vidonge vya kitunguu saumu na vya manjano, ambavyo nguvu yake si sawa na kiungo cha jikoni, vyaweza kumtoa damu mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Kwa hiyo kila anywaye dawa ya miti amwambie mganga wa hospitali, wala asimwogope. Na mganga naye asimcheke, kwani mgonjwa achekwaye leo hatasema kesho.

Hatusemi haya kwa kuwadharau Wahindi na utabibu wao. Nchini kwao waganga wa Ayurveda husoma vyuoni kwa miaka mingi na kuandikishwa na serikali, na tangu mwaka 2014 iko wizara nzima ya utabibu wa jadi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo chake cha utabibu wa jadi mjini Jamnagar, katika Gujarat, jimbo ambalo jamaa nyingi za Kihindi zilizoko Afrika Mashariki zina asili yao. Tabibu wa kweli wa huko hasemi kuwa chupa moja yatibu maradhi 40. Asemaye hivyo ni mchuuzi.

Adui asiyebisha hodi

Tumefika penye kiini cha maneno yetu. Shinikizo la damu ni adui aingiaye nyumbani bila ya kubisha hodi. Halina homa, halina upele, na mara nyingi halina maumivu. Katika taarifa yake ya mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema watu wazima wapatao bilioni 1.3, wenye umri kati ya miaka 30 na 79, wanalo, na kwamba karibu nusu yao hawajui. Mtu hulima, hubeba, huimba kwenye harusi, kumbe mishipa ya ubongo wake inadhoofika mwaka baada ya mwaka. Siku moja huamka mkono haunyanyuki na kinywa kimekwenda upande. Hapo ndipo jamaa husema amerogwa.

Na pana msiba mwingine ambao twausikia mara kwa mara. Mtu amepimwa, amepewa vidonge, amevimeza miezi mitatu, akajiona mzima. Kisha huambiwa na rafiki, au na sauti ya kipaza sauti sokoni, kwamba vidonge vya hospitali humzoesha mtu vibaya na kwamba unga fulani wa Kihindi utamponya kabisa. Anaacha vidonge. Anajiona mzima vilevile, maana ugonjwa huu haupigi kelele, naye husema unga umefaulu. Baada ya muda jamaa na wenziwe kazini hukusanya michango ya mazishi, au hubeba mzigo wa kumlisha na kumwogesha mtu mwenye nguvu ambaye jana alikuwa tegemeo la watu sita. Kila atokaye kazini kwa njia hii ameondoka kwa jambo ambalo lingaliweza kuzuiwa kwa mkanda wa kupimia mkono na dakika tano.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kila mtu mzima apimwe shinikizo la damu walau mara moja kwa mwaka, hata akijiona na nguvu za simba. Hesabu zikifika 140 juu au 90 chini, na zikarudia siku nyingine, amwone daktari. Akipewa vidonge avimeze, naye aendelee na mazoea mema. Mazoea na vidonge ni kama mikono miwili, mmoja hauuzuii mwingine kufanya kazi. Daktari mwenyewe ndiye atakayeamua kupunguza dawa iwapo hesabu zitashuka.

Tena mtu azijue dalili zisizongoja mafuta wala kukandwa. Mguu mmoja ukivimba ghafula, ukauma na kupata joto, usikandwe kamwe, maana huenda damu imeganda ndani, na bonge lile likisukumwa laweza kwenda mapafuni. Kifua kikibana, pumzi ikikatika, uso ukipinda, ulimi ukiwa mzito, aende hospitali saa ileile. Miguu yote miwili ikiwa imevimba kila siku, hata asubuhi baada ya kulala, yaweza kuwa ni moyo au figo, apimwe. Na mwenye ugonjwa wa sukari asitie miguu katika maji ya moto kabla ya kuyapima kwa kiwiko, kwani nyayo zilizokufa ganzi huungua bila ya mwenyewe kujua.

Si jambo la mtu mmoja

Haitoshi kumwambia mfanyakazi atembee ilhali hana ruhusa ya kutoka penye mashine yake. Hapa twasema na wasimamizi, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na viongozi wa matawi. Anayesimama kutwa apewe kigoda cha kuketi kwa zamu. Anayeketi kutwa apewe dakika chache kila saa za kusimama na kujinyosha. Maji ya kunywa yawe karibu, na wapishi wa mahali pa kazi wapunguze chumvi chunguni. Waganga waitwe kazini kupima shinikizo la damu, kama waitwavyo mafundi kukagua mitambo. Hapana meneja aachaye mashine yake iende mwaka mzima bila ya kutiwa mafuta na kuangaliwa shinikizo la mvuke. Je, mtu aiendeshaye ni duni kuliko chuma?

Hata sisi wa mikutano tunahusika. Ni mara ngapi tumeketi saa nne mfululizo, mjumbe baada ya mjumbe akirudia aliyoyasema mwenziwe, mpaka wazee wakashindwa kuinuka vitini? Mwenyekiti mwenye busara na awasimamishe wajumbe kila baada ya saa moja, wanyoshe miguu, wapige hatua zao mia. Twaamini kuwa hotuba zitapungua urefu, na damu pamoja na shauri vitakwenda mbele.

Wahenga wetu walisema mtembezi hula miguu yake, wakimwonya mzururaji asiye na shughuli. Katika jambo la damu twathubutu kusema kuwa aketiye bila ya kutembea ndiye aliaye miguu yake. Ndugu yetu yule wa langoni, avaapo tena viatu vyake jioni hii, asilipite tu duka la chupa akaenda kulala. Naende nyumbani kwa miguu, ajikande kwa mafuta aliyonayo, ale chakula chenye chumvi kidogo, apige hatua zake mia uani pamoja na mkewe na wanawe. Na kesho, kabla ya kwenda kazini, apitie zahanati akaunyoshe mkono wake upimwe.